Waya wa Midi na Jembe la Mama Kwandu

Kwa Elia na Zawadi, wadogo zangu wa kazini.

Mimi nimestaafu. Najua mnacheka, lakini mtu akistaafishwa na mama yake mzazi mbele ya mashahidi, huyo amestaafu kweli. Mama alikuja studio na ratiba ya mtihani wa kidato cha nne mkononi, akamsalimia Bro Masanja kwa heshima zote, kisha akaniambia nivue hizo spika za masikioni. Jumatatu naingia kambi ya masomo shuleni. Kwa hiyo kabla sijawaachia meza nawaandikia haya, msije mkapiga simu bwenini kuuliza waya gani unaingia wapi. Simu zenyewe kule haziruhusiwi.

Vyeo sitavisimulia, maana nilianza nikiwa fundi waya na nimemaliza nikiwa fundi waya. Mshahara nao nauruka. Si vizuri kumsema asiyekuwepo.

Nilianza likizo ya kidato cha pili. Chumba chetu mnakijua, kile cha nyuma ya saluni pale Nyegezi, jirani na stendi ya mabasi ya mikoani, na ukuta wote umebandikwa trei za mayai. Wateja wanaamini trei zile zinazuia honi. Hazizuii. Trei inazuia yai lisivunjike, na pale mayai hayamo. Ndiyo maana sisi tunarekodi kati ya basi na basi, na ndiyo maana Bro Masanja anaweza kumkatisha mwimbaji katikati ya neno "nakupenda" akamwambia, "Subiri, la Bukoba linatoka," na kweli mkasikia linatoka.

Bro Masanja alikuwa fundi redio kabla hajawa prodyuza. Waya anaumenya kwa meno. Hilo msimuige, meno ni yake. Siku yangu ya kwanza aliniwekea mezani kompyuta, ile mashine ya midundo, yaani kiboksi cheusi chenye pedi za mpira, na waya mmoja mnene wenye kichwa cha duara na pini tano ndani. Akasema niviunganishe vitu hivyo viongee, akaenda kunywa chai.

Nikachomeka. Nikagonga pedi. Kwenye kompyuta kataa ka kijani kakawaka, kakazima. Sauti hakuna. Nikaongeza sauti ya spika, nikagonga tena, kataa kakawaka, kimya. Nikaongeza mpaka kirungu cha sauti kikagoma kuzunguka. Nilikuwa nimeinama natega sikio kwenye spika kama daktari wakati Bro Masanja aliporudi, akaangalia, akasema waya mmoja umesahaulika. Akauchukua waya wa sauti, akauchomeka, akagonga pedi yeye mwenyewe. Kule saluni dada mmoja aliyekuwa anasukwa alifika barabarani akiwa na nusu kichwa. Mimi sikio la kushoto lilirudi kazini baada ya chakula cha mchana.

Hilo ndilo somo la kwanza na wengi huwa wanafeli hapo. Ule waya wa pini tano ndio waya wa midi, na waya wa midi haubebi sauti. Unabeba maagizo: gonga hiki, kwa nguvu hii, sasa hivi. Ni kadi ya mwaliko wa harusi. Ukiifungua pilau hulikuti. Pilau linapita kwenye waya mwingine, ule wa sauti, kutoka kwenye mashine kwenda kwenye saundi kadi ya kompyuta. Na tundu la kutokea la huyu linakwenda kwenye tundu la kuingilia la yule. Ukichomeka kutokea kwa kutokea, wote wawili wanaongea na hakuna anayesikiliza, kama kikao cha ukoo.

Mwaliko pia unaweza kufika nyumba siyo. Mnamkumbuka yule kijana wa bongofleva mwenye miwani hata gizani? Nilirekodi maagizo ya mashine vizuri kabisa, ila kule kwenye kompyuta niliyapokea kwenye mstari wa piano. Kila pigo la ngoma kubwa likalia kinanda. Nikawa naandaa maneno ya kuomba radhi, Bro Masanja akaninyamazisha kwa jicho, maana kijana alikuwa amefumba macho anatikisa kichwa. Mdundo aliuchukua vilevile. Mpaka leo anatuambia hatujawahi kumfanyia mdundo mwingine mzuri kama ule, na sisi tunakubali, ni kweli hatujawahi.

Sasa nije kwenye kazi iliyonifanya fundi.

Kulikuwa na kikundi cha ngoma cha kule Kisesa, karibu na Bujora, wanaocheza bugobogobo, ngoma ya majembe. Mnaijua: wachezaji wanasimama mstari, njuga miguuni, wanarusha jembe juu, linazunguka hewani, wanalidaka kwa mpini, yote kwa mapigo ya ngoma. Walikuwa wamealikwa kucheza kwa kushindana na kikundi kingine, kwa mtindo wetu wa Kisukuma, yaani vikundi viwili uwanja mmoja, vinapiga kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Jaji ni miguu ya watu. Kule watu wanakokwenda kusimama ndiko kwenye ushindi, na kule wanakokimbia mnabaki na watoto wenu na mbuzi.

Tatizo lao lilikuwa mpiga ngoma. Mzee Shija alikuwa amewapigia tangu kikundi kianze, lakini viungo vya mikono vilikuwa vimevimba, fimbo zilikuwa zinamponyoka. Katibu wa kikundi, Kaka Kulwa, mtu wa mipango na shati la kuchomekea, akanunua mashine ya midundo kama ya kwetu na kutangaza kwamba kuanzia sasa Mzee Shija atakuwa mshauri. Mtu akifanywa mshauri mnajua maana yake. Ina maana kiti chake kimeshapata makalio mengine.

Walikuja wote studio, mshauri naye akiwemo, na fimbo zake alizileta zimefungwa kwenye kitambaa. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba, akakaa juu ya kreti la soda pale mlangoni, fimbo mapajani. Hakuna aliyemwambia azilete. Hakuna aliyethubutu kumwuliza za nini.

Mpango wa Kaka Kulwa ulikuwa huu. Kompyuta ipige sauti za kiitikio tulizokuwa tumewarekodi, zisikike kama watu wengi mpaka uwanja ujae. Mashine ipige ngoma. Viwili hivyo vishikane kwa waya wa midi ili visiachane njiani. Kazi yangu hiyo, nikaifanya mapema kabla la Bukoba halijatoka. Bro Masanja alikuwa amenifundisha kwamba kompyuta ndiyo mkubwa, ndiyo inaongoza, na mashine inafuata. Basi nikachomeka kutoka kompyuta kwenda mashine, nikaiambia mashine ifuate mwendo wa nje, nikabonyeza. Vikaondoka pamoja kama pacha. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilitembea kwenda kunywa maji kwa mwendo wa mhandisi.

Tukatoa spika uani wafanye mazoezi. Mstari ukasimama, na mwisho wa mstari alisimama Mama Kwandu, mama mnene, mchangamfu, anayerusha jembe juu kuliko vijana wote. Muziki ukaanza. Urushaji wa kwanza ulikwenda. Wa pili majembe yalishuka moja moja kama mvua inayoanza. Wa tatu jembe la Mama Kwandu lilikuwa bado liko juu linageuka wakati ngoma inaita chini, yeye akainama kufuata ngoma, jembe likashuka lenyewe na kuchimba shimo mbele ya mlango wa nyuma wa saluni. Yule dada wa siku yangu ya kwanza, nisidanganye, alikuwepo tena. Sijui nyota yake na yangu zina ugomvi gani.

Kaka Kulwa akasema wanatakiwa kuizoea tu mashine. Mama Kwandu akaling'oa jembe lake ardhini bila haraka.

"Ngoma hii haina macho," alisema. "Jembe langu liko juu, yenyewe inaniita chini. Nishuke na nini?"

"Ni mazoezi, mama. Mtazoea."

"Mimi nimezoea mengi, baba, hata wewe nimekuzoea. Jembe likiwa hewani halizoei."

Nikapunguza mwendo. Wakaanza kulala. Nikaongeza, majembe yakagongana. Nikaingia kwenye kompyuta nikachora mwendo, hapa upande, hapa ushuke, kufuata walivyorusha safari ile. Kazi safi, mstari unapanda na kushuka kama milima ya mawe. Wakarudia, na safari hii wakarusha tofauti. Hapo nikajua kwamba jembe halirushwi mara mbili sawasawa, na kwamba ningeweza kuchora mpaka nipate wajukuu.

Nikaenda kukaa kwenye ukingo wa kibaraza karibu na Mzee Shija, si kwa hekima yoyote, pale tu ndipo palikuwa na kivuli. Nikamwona kisigino chake. Kilikuwa kinagonga chini, lakini hakigongi pamoja na spika. Kinachelewa, kinawahi, kinasubiri. Nikamtazama macho, hakuwa anaangalia mashine wala mimi, alikuwa anamwangalia Mama Kwandu. Nikamwuliza anahesabu nini.

"Sihesabu, mjukuu wangu. Nampigia wa mwisho kwenye mstari. Wa mwisho akidaka, wote wamedaka."

Kumbe ndivyo kikundi kile kilivyokuwa kinafanya kazi miaka yote. Watu wa nje walidhani ngoma inaongoza majembe. Ngoma ilikuwa inalifuata jembe la nyuma kabisa, halafu wengine wote wanaifuata ngoma. Na mimi nilikuwa nimemweka juu kabisa ya msafara mtu pekee pale uani ambaye hawezi kugeuza shingo, kompyuta.

Nikarudi ndani nikamwambia Bro Masanja tugeuze. Mashine iongoze, kompyuta ifuate. Akanitazama kama nimemwambia mbuzi amchunge mtoto. Lakini kwenye mashine kuna kitufe kidogo: ukikigonga mara kadhaa, mashine inashika mwendo wa kidole chako. Tulikuwa hatukitumii, tulikuwa tunakipangusa vumbi tu. Nikamweleza kwamba kidole kikimfuata Mama Kwandu, mashine itafuata kidole, kompyuta itafuata mashine, na kiitikio cha watu wote wale kitamfuata Mama Kwandu bila wenyewe kujua. Akaling'ata lile wazo kama anavyong'ata waya, akasema jaribu.

Nikahamisha waya, kutoka mashine kwenda kompyuta. Nikaiambia kompyuta ifuate mwendo wa nje. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya kizito, taa zote zinawaka, hakuna anayeanza. Mnajua nilichofanya? Mashine sikuitoa kwenye kufuata. Wote wawili walikuwa wafuasi, kila mmoja anamngoja mwenzake, kama mkwe na mama mkwe mbele ya sinia moja la ubwabwa, karibu wewe, hapana anza wewe, mpaka chakula kinapoa. Mkikuta kimya cha namna hiyo, msibadilishe waya wala msipige kitu kofi. Nendeni kwenye mipangilio ya kila kimoja, mwulize mmoja mmoja: wewe unaongoza au unafuata? Mmoja tu ndiye anaongoza. Na zile sauti za kiitikio ziwekeeni alama ya kuvutika, la sivyo ngoma itapunguza mwendo na waimbaji watafika Bujora peke yao.

Vikaanza. Tukavivuta mpaka mlangoni ili anayegonga auone mstari. Kaka Kulwa akasema kitufe atakigonga yeye, kwa sababu ndiye katibu. Sikupinga, mimi ni mtoto wa shule. Alikigonga huku akijiangalia kwenye kioo cha dirisha la saluni, na kiitikio kikaenda mbio kama bodaboda aliyeona askari. Majembe yakaanguka yote. Mama Kwandu akaweka la kwake begani, akasema yeye anakwenda stendi kupanda gari la kurudi Kisesa, na kama kikundi kinataka mtu wa kufukuzana na katibu kitafute kijana.

Hapo ndipo nikamwomba Mzee Shija akigonge yeye. Alikuja taratibu, akakitazama kitufe. Kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe. Akanyoosha kidole, kikatua pembeni. Akajaribu cha pili. Kile kiungo kilichovimba kiligonga kitufe cha kuzima, kila kitu kikanyamaza. Akakirudisha kidole mfukoni, na nikaona anageuka kulitafuta kreti lake. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitamani mtu acheke, kile kimya kilikuwa kibaya kuliko cha mkwe na mama mkwe.

Nikamwambia, "Babu, usiondoke. Kitufe hiki kina ndugu yake mkubwa, nakwenda kumleta."

Nilikuwa sijui kama yupo, lakini fundi akishatoa kauli hawezi kurudi nyuma. Nikaigeuza mashine. Nyuma kulikuwa na tundu la kanyagio, kubwa kama la gitaa. Kanyagio halisi hatukuwa nalo. Tulikuwa na kitufe cha kengele ya mlango, kilichotolewa na mteja mmoja aliyekosa mlango wa kukifunga. Bro Masanja akamenya waya mbili kwa meno, mimi nikazichomelea kwenye jeki, kile kichwa kinachoingia kwenye tundu, tukakipigilia kitufe kwenye kipande cha ubao. Juu yake nikafunga nusu ya lapa la tairi ili mguu upate mahali pa kutua. Nikaiambia mashine kwamba kanyagio hilo maana yake ni mwendo. Kilikuwa kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Elia, wewe ungesema kinafanana na panya aliyekanyagwa, na kweli.

Mzee Shija alivua kiatu cha kulia. Halafu akafungua kile kitambaa, na chini ya fimbo kulikuwa na njuga zake. Akajifunga kwenye kifundo cha mguu, na Mama Kwandu, aliyekuwa bado hajaondoka, akashusha jembe begani. Bro Masanja akaanza kusema njuga zitaingia kwenye maikrofoni, akanitazama, akaacha. Mzee akatuliza kisigino juu ya lapa, akamtafuta Mama Kwandu kwa macho, akagonga.

Sitawachosha. Majembe yalipanda na majembe yalishuka. Kwa mara ya kwanza nilisikia ndani ya spika zetu kitu kinachosubiri mtu. Mama Kwandu alirusha lake juu kwa makusudi, juu zaidi, kama anayemjaribu mtu, na ngoma, mashine, kompyuta na lile kundi zima la kiitikio vikavutika kumngoja, likatua mkononi, na kisigino kikatua pamoja nalo. Akageuka kwa Kaka Kulwa.

"Sasa ina macho."

Siku ya mashindano nilikaa nyuma ya kompyuta chini ya turubai, Mzee Shija pembeni yangu na kanyagio lake, jenereta inanguruma upande mmoja na kikundi cha wapinzani upande wa pili, wao na ngoma zao za ngozi, wazuri kwelikweli, siwapunguzii. Mwanzoni watu wengi walikuwa kwao. Kaka Kulwa alikuwa anapita mbele yangu anafuta jasho, ananiuliza kama niongeze sauti. Nikamwambia sauti inatosha, twende na mwendo. Kompyuta ikiwa mfuasi huwa inayumba kidogo, hilo mlijue, lakini siku ile hakuna aliyeona isipokuwa mimi, na mimi sikumwambia mtu.

Katikati ya wimbo wa mwisho jua lilimwingia Mama Kwandu machoni. Jembe lilikuwa juu, hakuliona. Akarudi nyuma hatua, akarudi tena, mkono hewani unapapasa. Mstari mzima ulikuwa umeshadaka, umebaki yeye. Nikatazama mguu wa Mzee Shija. Kisigino kilikuwa kimeinuka juu ya lapa, kinaelea. Akagonga mara moja taratibu, akangoja, akagonga tena taratibu zaidi. Kwenye kompyuta mwendo ukaporomoka, kiitikio kikawa kirefu, kizito, kama watu wanaonyanyua mtumbwi. Mama Kwandu akaliona, akanyoosha mkono, akalidaka karibu kabisa na ardhi, na kisigino kikashuka kwa nguvu. Na hapo Mzee akafungulia.

Watu walidhani ndivyo tulivyopanga. Walivuka uwanja. Walikuja wengi mpaka wakaanza kukanyaga waya wangu wa umeme, na ni mara moja tu maishani mwangu nimefurahi kuona mtu anakanyaga waya wangu. Nani alishinda, ukiwauliza wale wa upande wa pili watakwambia ni wao. Ila waulize mwishoni walikuwa wanampigia nani.

Mwisho mshereheshaji akampa Kaka Kulwa kipaza sauti, akataka kujua mpiga ngoma yuko wapi, maana anaisikia ngoma na haioni. Mimi nilikuwa najua hotuba ilivyoandaliwa. Kwenye ile hotuba kulikuwa na mitambo ya kisasa, kulikuwa na katibu, na mstari wa mwisho kabisa ulimtaja mshauri wa kikundi. Kaka Kulwa akaangalia watu, akaangalia chini ya turubai.

"Mpiga ngoma wetu yule pale," alisema. "Mwenye kiatu kimoja."

Mzee Shija hakupunga mkono. Aliinua mguu, njuga zikalia.

Basi hayo ndiyo ninayowaachia. Waya wa midi wenye mkanda mwekundu una pini iliyolegea, mtumieni kwa upole. Wateja wakija, kabla hamjachomeka chochote ulizeni nani kwenye mstari wao yuko mwisho. Kanyagio la lapa halipo studio, msilitafute. Mzee Shija alikataa kulirudisha, anasema ni ngoma yake, na ngoma ya mtu haiazimishwi. Mkiwa na kazi inayolihitaji, mfuateni kwao Kisesa, mwende asubuhi, mmwamkie kwa Kisukuma "mwangaluka," mkae kwanza. Atakuja nalo mwenyewe, amelifunga kwenye kitambaa.

Mimi Jumatatu naingia kambini. Nimeshakwenda kuikagua kengele ya shule. Inaongoza watu wote, haimtazami hata mmoja aliye mwisho wa mstari, na haina tundu lolote la kuchomeka kitu. Bado nachunguza.